Msomaji Aliyezima Mashine

Nilipofika msibani viti vilikuwa vimejaa, nikabaki mlangoni nimeshika kofia. Shemeji, kama nilivyozoea kumwita mjane wa marehemu, akaniona.

"Mpisheni shemeji yangu akae," alisema. "Huyo ndiye aliyekuwa akigombana na mume wangu kila siku ya Mungu."

Watu wakacheka kile kicheko cha msibani, cha kuziba mdomo kwa kiganja.

Ni kweli tuligombana. Miaka ishirini na mbili mimi niliendesha mashine kwenye kiwanda cha kuchapa, na yeye alikaa chumba cha pili akisoma kazi za wateja kutafuta makosa. Mtu mfupi, mkavu, miwani yake imefungwa kwa uzi. Siwezi kusema tulikuwa marafiki. Tulisalimiana, tukachokozana, basi.

Jina la utani la Nukta alilipata siku moja tukichapa vikaratasi vya dawa ya watoto. Vilipaswa kuandikwa kipimo cha mililita mbili nukta tano. Nukta ilidondoka njiani, ikawa ishirini na tano. Nusu ya kazi ilikuwa imeshatoka mashinini alipokuja mbio, karatasi mkononi.

Msimamizi akamwambia, "Mteja amesaini. Kosa ni lake, si letu."

"Mtoto hatakunywa saini, bosi. Atakunywa dawa."

Mimi nilikuwa na haraka ya kwenda nyumbani. Nikamfokea, "Kwani wewe ni daktari?"

"Mimi msomaji tu," akanijibu. "Lakini nimeshasoma. Siwezi kujifanya sijasoma."

Akanyoosha mkono akaizima mashine yangu, kisha akatoka kwa miguu hadi kwa mfamasia mwenye kazi ile. Walirudi pamoja. Mfamasia alipokiona kile kikaratasi alitafuta pa kukaa. Kazi yote ikachapwa upya. Nukta, kwa shukrani, akasimamishwa mwezi mzima kwa kuacha kazi bila ruhusa. Aliporudi hakumnunia mtu. Alinisalimia kama jana yake tu tulikuwa pamoja.

Hayo niliyawaza pale kwenye kiti, nikiitazama picha yake ukutani. Tulilingana umri. Wa kiwandani kwetu wote wameshatangulia, na foleni haina mwingine wa kunikinga.

Binti yake mkubwa, mwalimu, akaniletea chai, akakaa karibu yangu.

"Baba mdogo, nilitamani sana nikushukuru. Baba alitusimulia habari ya ile dawa. Kwamba yeye alipiga kelele, wewe ukazima mashine."

Chai ilinipalia. Watu wakageuka kututazama. Ningeweza kunyamaza, nani angejua? Aliyejua alikuwa amezikwa asubuhi ile. Lakini sifa ile aliyonipa marehemu ilinilemea.

"Hapana, mwanangu," nikasema. "Alizima mwenyewe. Mimi nilimfokea, na ule mwezi aliokaa nyumbani sikuja hata siku moja kumjulia hali."

Binti akamgeukia mama yake.

"Mimi nilijua," shemeji alisema taratibu. "Aliniambia yote. Nikamuuliza, mbona watoto unawadanganya? Akasema, 'Wanakutana na yule bwana kila siku njiani. Wakijua alinifokea, watamwamkia kwa shingo upande. Na si mtu mbaya, alikuwa amechoka.'"

Niliinamisha kichwa, machozi yakanitoka mbele za watu, mzee mzima. Kumbe nilipita mtaani miaka yote hiyo nikiamkiwa kwa adabu na watoto wa mtu niliyemwona msumbufu, na heshima ile alinitafutia yeye.

Binti akanishika mkono. "Sasa tusimulie wewe," akasema. "Tunataka kumjua baba wa kazini."

Wajukuu wakasogeza mkeka karibu. Nikafuta uso, nikaanza na siku ya kwanza alipoingia kiwandani amevaa viatu visivyofanana.