Fremu za Ghorofa

Kila dirisha la nyumba yetu ya Mtongwe lilikuwa na fremu ya plasta, ule ukanda unaotokeza ukutani kulizunguka dirisha, na kila fremu ilikuwa pana mno. Nyumba yenyewe ni ya chini, vyumba vitatu na baraza. Jirani yangu, ambaye mdomo wake haujui kupumzika, alisema nyumba imevaa miwani ya babu. Nilimjibu kwamba babu mwenyewe yu njiani.

Marehemu mume wangu alikuwa fundi wa plasta, na kwa jambo hili hakutaka mzaha. Nyumba ya chini, fremu iwe vidole vinne. Ghorofa, iwe shubiri nzima, la sivyo madirisha yatamezwa na ukuta. Tena hakukubali kuamua akiwa karibu. Alikuwa akivuka barabara, anafumba jicho moja, ananyoosha mkono mbele ya uso. Nilimcheka sana kwa hilo.

Kwetu alichagua shubiri. Nikamuuliza kama amesahau tuna nyumba gani.

"Mke wangu, hii haijawa nyumba bado," aliniambia. "Juu kuna vyumba vya watoto. Nikipiga fremu ndogo leo, kesho nitazibomoa."

Basi nondo zikaachwa zimesimama juu ya paa la zege, kama mtaa mzima unavyofanya, nasi tukangoja. Tulingoja saruji, tukangoja na watoto. Watoto hawakuja. Kisha yeye akaanza kukohoa, na kabla ya masika tukamzika kwao, bara. Matangani kila mtu aliniambia mja hupanga, Mola hupangua, nikatamani kuwarushia sufuria.

Mwaka huu plasta ikaanza kubanduka, kipande kikaanguka mlangoni. Nikamwita fundi mwenzake, aliyekuwa akifanya naye kazi Changamwe. Alizunguka nyumba, akarudi barazani.

"Shemeji, tuzirudishe vilevile, au tuzipunguze zilingane na nyumba?"

Nilimkasirikia, na hakuwa na kosa. Fundi yeyote angeuliza. Lakini kuzipunguza ni kusema kwamba huko juu hatalala mtu, na hilo sikuwa nimelisema hata kanisani. Nikaingia jikoni, nikakaa hadi chai ikapoa. Kisha nikatoka.

"Vidole vinne," nikamwambia.

"Vya nani, shemeji? Mwenzangu mkono wake ulikuwa mpana."

Nikauweka wangu ukutani, kando ya dirisha. Akapiga mstari wa penseli huku na huku.

Kazi ilipokwisha nilivuka barabara, nikafumba jicho moja. Marehemu alikuwa akisema kweli. Fremu zimelingana, nyumba imetulia, hata jirani amekosa neno. Nililia palepale kando ya barabara, watu wakipita, kwa sababu ilikuwa imependeza, na ilikuwa nyumba ya mtu mmoja.