Mwalimu Aliyetufundisha Kuimba Ndani ya Mvua

Mvua ya kwetu haibishi hodi. Juzi nilikuwa Kiptere, kanisani, kwenye harusi ya mjukuu wa jirani yetu wa zamani. Pasta ndiyo kwanza amefika pale pa kuwauliza maharusi swali lenyewe, mbingu ikafunguka. Kama umewahi kukaa chini ya mabati yasiyo na dari huku kwenye majani chai, sina haja ya kukueleza. Pasta alifungua mdomo, akaufunga, akatabasamu, akakaa. Bwana harusi akabaki amesimama na jibu lake mdomoni. Watu wakaanza kutazamana na kucheka, na hata kicheko chenyewe hakikusikika.

Hapo nikahisi mkono wangu umeshikwa. Kando yangu alikuwa ameketi mama mmoja mnene mwenye kilemba cha zambarau, aliyeingia amechelewa, viatu vyake vikiwa na tope. Aliukamata mkono wangu bila kunitazama, akaufinya mara moja kwa nguvu na mara mbili taratibu. Kisha tena. Nguvu, taratibu, taratibu. Nikageuka. Midomo yake ilikuwa inacheza, na kati ya meno yake ya mbele nikauona ule mwanya ambao ningeutambua popote. Rafiki yangu, nilitaka kucheka na kulia kwa wakati mmoja. Alikuwa binti wa jirani huyohuyo, mwenzangu wa kwaya ya shule. Aliolewa Siongiroi tukapotezana kabisa, na asubuhi hiyo nilikuwa nimeambiwa hatafika kwa sababu ng'ombe wake anazaa.

Sasa ili uelewe kwa nini wanawake wawili wazima walishikana mikono kanisani wakitikisa midomo kama samaki, lazima nikurudishe nyuma kidogo.

Nililelewa kambini, katika zile nyumba za wachumaji chai upande wa kuelekea Bomet. Mama alichuma majani. Dani, yaani bibi yangu, maana sisi ni watu wa kutoka ziwani, alibaki nyumbani akitawala jiko na kila mtu aliyelipitia. Asubuhi king'ora cha kiwanda kililia kabla jua halijaonekana, na mama akatoka na kikapu chake mgongoni na aproni ya nailoni ikivumavuma kiunoni. Alasiri tulisikia trela ikija kuchukua majani, na sauti ya karani wa mizani akigombana na wanawake waliomwambia mizani yake ina wivu. Harufu ya chai ikikaushwa kiwandani ilikaa kwenye nguo zetu, kwenye mablanketi, hata kwenye mkate. Nje ya ua wa kambi ndiko alikokaa jirani, mwenye shamba lake, ng'ombe zake na kibuyu cha mursik, maziwa yao ya mgando, ambacho mimi na binti yake tulikiiba kwa zamu.

Mwalimu aliletwa na parokia. Alikuwa Mfilipino, mfupi, mwenye nywele zilizosimama kila asubuhi hata azilowanishe vipi. Siku ya kwanza shule nzima ilimkimbilia ikiita, "Mchina! Mchina!" Akasimama, akasubiri tunyamaze, kisha akatuuliza kwa Kiswahili chake kipya kabisa kama na yeye atuite sote Wanaijeria. Tulicheka, na kuanzia hapo akawa wetu.

Dani hakumkubali haraka hivyo. Alisema mtu aliyevuka bahari yote hiyo kuja kufundisha nyimbo, ama amemkosea mtu kwao ama hana akili timamu. Basi Jumamosi moja dani alikuwa anakaanga omena, mwalimu akapita njia. Alisimama ghafla mlangoni, amefumba macho, pua juu. Akasema mama yake alikuwa akikaanga dagaa hivyohivyo, wadogo hivyohivyo, na siku hizi akilala anawaota. Dani akamkaribisha. Aliwala na vichwa vyao, na macho yao, na kila kitu, akaomba siki. Alipoondoka dani alibaki amesimama na sufuria tupu mkononi.

"Huyu si Mchina, nyathina, mwanangu," akaniambia. "Huyu ni mtu ya ziwa. Imepotea tu."

Maisha yake tuliyajua vipandevipande, kwa sababu alisimulia huku anafanya kitu kingine. Alizaliwa kisiwani, baba yake mkata miwa. Alisomea muziki katika mji mkubwa, akatunga nyimbo za kwaya na za kanisa, na watu wengi kwao waliziimba. Hayo alituambia akifua soksi zake bombani. Tulipomuuliza kwa nini basi aliacha yote hayo akaja kwetu, alisema kwao kila nyumba ina waimbaji, hata jogoo anajua sauti ya nne. Alitaka mahali ambapo hawajamchoka.

Kwetu aliendelea kutunga. Alitunga wimbo wa karani wa mizani, wimbo wa ndama wa jirani aliyekataa kunyonya, na nyimbo za misa ambazo akina mama waliziimba hadi mashambani mikono ikiendelea kuchuma. Hakuwa mtu wa karatasi. Aliandika ubaoni, do re mi kwa chaki, tukazishika kichwani, kisha mwalimu wa jiografia akaingia akafuta.

Shida ilikuwa moja, na unaijua tayari. Kwaya ilifanya mazoezi baada ya masomo, na mvua nayo ilikuwa na ratiba hiyohiyo. Tukianza tu kupata sauti, mabati yanapigwa, hakuna anayesikia hata pumzi yake. Mwalimu mkuu alikuwa mtu wa hesabu, mnyoofu, shati lake limepigwa pasi hadi lina makali. Siku moja alikuja darasani akatukuta tumekaa tu tunangoja mvua ipite. Na yeye akangoja. Ilipopungua akasema maneno yake, wala hakupandisha sauti.

"Mwalimu, mimi sina ubaya na wewe. Lakini hii saa moja kila siku watoto wanakaa tu. Muziki haiko kwa mtihani. Mashindano ya Silibwet iko karibu. Mkirudi na kitu, sawa. Mkirudi mikono mitupu, hii saa inakuwa ya hesabu, na wewe nitaomba parokia ikupeleke shule ingine."

Akatoka. Binti wa jirani ndiye aliyeanza kulia, kisha mimi, kisha sauti ya pili yote. Nilikuwa mtoto, lakini nilijua wazi kitu kinachotaka kuchukuliwa. Ile saa moja ndiyo saa pekee ya siku ambayo hakuna mtu aliyenituma maji.

Mwalimu hakutubembeleza. Alitupanga mstari, akatuambia tushikane mikono. Kisha akatusimulia juu ya mama yake. Kwao kuna dhoruba zinazong'oa paa zima. Dhoruba ilipokuja, ndani giza, nje kelele, mama yake aliwashikanisha watoto mikono na kuwaambia waimbe. Hakuna aliyemsikia mwenzake. Lakini mama alimfinya wa kwanza, wa kwanza akamfinya wa pili, na mpigo ukatembea hadi wa mwisho ukarudi. Hivyo mama alijua wote wapo.

"Usipomsikia mwenzako," alituambia, "usidhani ameacha kuimba. Wewe endelea. Shika mkono tu."

Basi tukaacha kungoja mvua ipite. Tulianza kuingoja ije. Alitutungia wimbo mpya kwa mtindo wa kwao, mwendo wa tatu, mpigo mmoja wa nguvu na miwili ya taratibu, na maneno yake yalikuwa siku yetu ya kambini tangu king'ora hadi chakula cha jioni. King'ora kimelia, mama amebeba kikapu. Karani amepima, mvua imemlowesha. Mama anarudi, weka maji motoni. Na mwisho wa kila ubeti, ugali. Tuliuimba chini ya mabati yanayonguruma, mikono imeshikana nyuma ya migongo, na mvua ikikatika tulitakiwa tuwe wote kwenye neno moja. Mwanzoni ilikuwa kioja. Mvua ilikatika huyu yuko kwa karani, yule yuko kwa kikapu, na mvulana mmoja wa sauti ya tatu ameshafika kwenye ugali zamani. Mwalimu alicheka hadi akakaa sakafuni. "Tena," akasema. "Kutoka juu."

Silibwet tulipelekwa na lori la majani. Tulikalia nyavu za chai, na sare zetu zilifika na madoa ya kijani makalioni, lakini waamuzi hawatazami kwaya kwa nyuma. Ukumbi ulikuwa wa mabati. Tulipoyaona yale mabati tulitazamana, na binti wa jirani akaniminya mkono. Shule yetu ilipangwa baada ya chakula cha mchana. Kwaya iliyotutangulia ilikatizwa na radi tu, ikashuka jukwaani ikinung'unika. Mwalimu mkuu alikuwa amekaa nyuma kabisa, amekunja mikono.

Tulianza vizuri. Ubeti wa pili ulikuwa haujafika katikati ikaja, tena si mvua, ni mawe. Mawe yenyewe ya Kericho na Bomet, yale yanayotoboa majani ya chai hadi wanyapara wanashika vichwa. Ukumbi ukawa giza. Niliona mwamuzi akiinua kengele na kuitikisa, akitaka tuache. Naapa sikuisikia. Niliona watu wanacheka wakitunyooshea vidole, na kweli tulichekesha, midomo inapanuka na kufungika na hakuna kitu. Nikataka kuacha. Sikusikia sauti yangu mwenyewe. Nilijua tu koo linatetemeka. Nikamtazama mwalimu. Alikuwa ameshusha mikono yote miwili, ameitia mifukoni, amefumba macho. Aliacha kutuongoza! Halafu mpigo ukafika kwenye kiganja changu kutoka kwa binti wa jirani. Nguvu, taratibu, taratibu. Nikaupokea, nikaupitisha.

Na mawe yakaisha, ghafla, kama kawaida yake, kama mtu amefunga bomba. Ndani ya ukumbi ule uliokuwa kimya watu wakasikia kwaya nzima iko katikati ya neno moja: mama anarudi. Sauti zote nne, kila moja mahali pake. Tuliumaliza ubeti ule hakuna aliyekohoa. Tulipofika kwenye ugali, mama mmoja aliyekuwa akiuza maandazi mlangoni akapiga vigelegele, na ukumbi ukalipuka.

Tulipewa namba mbili. Namba moja tulinyimwa kwa sababu hatukutii kengele, na mwamuzi alilisema hilo akifuta macho. Zawadi ilikuwa saa ya ukutani, na mwalimu mkuu aliibeba mwenyewe mapajani njia nzima, mbele karibu na dereva. Jumatatu aliitundika ofisini. Ile saa yetu ya muziki haikuguswa tena, na jioni moja tulimkuta amesimama mlangoni mwa darasa, shati lake na makali yake, anajaribu sauti ya nne. Aliimba vibaya sana, Mungu amsamehe, na hakukosa hata siku moja.

Mwalimu aliondoka mkataba wake ulipokwisha. Jirani alimpa kibuyu cha mursik, dani akamfungia omena kwenye gazeti, na tulimsindikiza hadi barabara ya lami tukiimba huku tunalia.

Ile kambi yetu leo haipo. Nyumba zimebomolewa, na chai inakatwa na mashine zinazotembea juu ya mistari; mama aliichukia ile sauti hadi alipostaafu. Dani amelala kwao ziwani. Shule imewekwa dari nzuri nyeupe, watoto wanasikilizana vizuri hata mvua ikinyesha, na nimefurahi kwa ajili yao, ila nilipoitazama ile dari nilihisi nimeibiwa kitu. Zile nyimbo za mwalimu zilikuwa ubaoni, na ubao ulifutwa. Nilidhani na mimi nimezisahau.

Kumbe hapo Kiptere, mkono wangu ukiwa ndani ya mkono wa binti wa jirani, hakuna neno lililopotea. Tulianza na king'ora, tukapita kwa karani. Sikumsikia, hakunisikia. Kisha mvua ikakatika, ghafla, kama kawaida yake, na katika kanisa lililonyamaza kimya, mbele ya maharusi na pasta na wageni wote, sauti mbili za wanawake zikatoka kwa nguvu, ya kwanza na ya pili, zimepatana barabara:

"Ugali!"

Kanisa lilianguka kwa kicheko. Pasta akashika meza yake. "Wamama, chakula kiko njiani," akasema. "Ngojeni kwanza hawa watoto waoane."

Baadaye tulikaa nje na sahani zetu, viatu kwenye tope, kila mmoja akimtazama mwenzake alivyozeeka na kukataa kusema. Nikamuuliza kama amewahi kupata habari za mwalimu. Akatikisa kichwa.

"Hata mimi," nikasema. "Miaka yote hii sijasikia kitu. Sijui kama bado yuko."

Akalamba vidole, akaiweka sahani chini, akanishika mkono.

"Kwani alisema nini?" akaniuliza. "Ati ukikosa kumsikia, ufanye nini?"

Akaufinya mkono wangu mara moja kwa nguvu, na mimi nikaanza tena kutoka juu.