Kuku walikula chokaa na mayai yakazidi kupasuka: yaliyonipata huku Kitengela

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Nimesoma nyuzi za mayai kupasuka mpaka nikachoka, na kila mahali jibu ni moja tu: ongeza chokaa. Leo wacha niwaeleze yaliyonipata mimi mwenyewe, bila kutia chumvi. Mkifika katikati mtaelewa kwa nini neno hilo linaniuma.

Naishi Kitengela, upande wa kuelekea Isinya. Nafuga layers, kuku wa mayai, kwa mabanda mawili, la mbele na la nyuma.

Mteja wangu mkubwa ni Mama Hodan, mwenye hoteli pale mjini. Huyu mama hapokei yai kwa macho. Anashika mawili, anayagonganisha polepole karibu na sikio. Yai zima linalia vizuri. Lenye ufa linatoa mlio mbovu, na hilo analiweka kando bila hata kukuangalia usoni.

Kiangazi kilipokaza, ule upande wa kando ukaanza kujaa.

Mayai mengine yalipasuka kwa trei kabla hayajafika mjini. Mengine yalitoka bila ganda kabisa, ukiyashika yanabonyea kama puto la maji. Mama Hodan alivumilia, akavumilia, halafu siku moja akanirudishia trei zote.

"Mama Mwende, mimi napenda wewe, lakini hii yai siwezi. Mteja anataka boiled, nikiweka kwa sufuria inamwagika yote. Enda tengeneza kuku yako kwanza."

"Na nikirudi nipate umeshachukua mtu mwingine?"

"Wallahi nitangoja. Lakini si sana."

Nilirudi nyumbani nimevimba kwa hasira. Mume wangu, Baba Mwende, akasema kuku wote wauzwe kwa nyama, tufanye kitu kingine. Nikamwambia hawa kuku hawaendi popote. Nimewalea tangu vifaranga, nikiamka kuwawashia jiko wasife baridi. Sikuwa tayari kuwatoa kwa sababu ya ganda.

Basi nikaanza na chokaa kama nyinyi wote mnavyoshauri.

Hapo nisimame kidogo. Nazungumzia chokaa ya kuku ya agrovet, duka la dawa na vyakula vya mifugo, si ile ya kupaka ukuta! Kuna mtu humu aliwahi kuuliza, na sijasahau.

Yangu ilikuwa laini kama unga wa ngano. Niliimwaga kwa layers mash, chakula chao cha kiwandani. Kuku wakadonoa punje za mahindi, unga ukabaki chini ya chombo, na upepo wa Kitengela mnaujua, ulibeba mwingine. Nikaongeza tena. Wakaanza kukataa chakula.

Sasa hapa kaunti yetu ya Kajiado kila mtu ni daktari wa ng'ombe. Jirani yangu Baba Naserian alipita na mifugo yake akanikuta nimesimama na yai lililopasuka mkononi.

"Takwenya," akanisalimia kwa Kimaasai.

"Iko," nikamwitikia. "Lakini kuku wananimaliza."

Akaangalia lile yai, kisha akaangalia ng'ombe zake. "Hizi zangu zinalamba chumvi kila siku. Ushawahi ona moja imevunjika mguu? Hiyo chumvi iko na madini yote. Wapatie."

Alisema kwa roho safi kabisa, hata akaniletea yake kwa mfuko. Na mimi niliona ina mantiki. Kama inajenga mfupa wa ng'ombe, itashindwa na ganda la yai? Nikachanganya kwa chakula, mabanda yote mawili.

Wakuu, mambo yakaharibika zaidi. Kuku wakanywa maji kama wameambiwa yanaisha, chini kukalowana banda zima, na maganda yakazidi kuwa membamba. Baba Mwende alitoa simu akaanza kutafuta namba ya mnunuzi wa nyama. Nikamwambia aiweke chini.

Halafu mvua ikanyesha.

Banda la nyuma lina tangi chini ya gata, ule mfereji wa paa unaokusanya mvua. Lilipojaa, nikaona nisitumie maji ya borehole, kile kisima kirefu cha pampu, kule nyuma, nichote ya mvua kwanza. La mbele liliendelea na bomba la borehole kama kawaida. Chakula kilikuwa kilekile, nachanganya mara moja nagawa.

Baada ya muda nikiokota mayai nikahisi kitu. Ya nyuma yalikuwa mazito kidogo mkononi, magumu. Ya mbele bado yale yale. Nikadhani nimechanganya trei. Kesho yake nikaokota tena kwa makini, tena na tena. Nyuma yanaimarika, mbele yanapasuka.

Kilichotofautiana ni maji peke yake.

Nilifungua bomba la banda la mbele nikaonja. Chumvi tupu! Na si kwamba sikujua. Huku kwetu maji ya borehole tunafulia na kupigia deki. Ya kunywa tunanunua kwa mitungi, hata chai ya haya maji mgeni hamalizi. Nyumba nzima hatuyanywi, lakini kuku nawapa tangu siku ya kwanza, na juu yake nikawaongeza chumvi ya ng'ombe. Layers mash yenyewe imeshatiwa chumvi kiwandani.

Nilikasirika mpaka nikacheka peke yangu.

Nilimpigia afisa wa mifugo, akathibitisha: chumvi ikizidi, kuku anashindwa kutengeneza ganda hata ukimwaga chokaa gunia zima, na kiangazi joto linawafanya wanywe zaidi, ndiyo maana shida ilijitokeza wakati ule.

Chumvi ya ng'ombe nikamrudishia Baba Naserian na shukrani. Nikaweka gata banda la mbele pia, na mvua ikikosa, kuku wananunuliwa maji kama sisi. Chokaa nikabadilisha nikachukua ya punje kubwa, naiweka kwa chombo chake jioni, kila kuku ajichotee anachohitaji. Ganda linatengenezwa usiku akiwa amelala, na zile punje zinakaa tumboni zikiyeyuka polepole.

Sitawadanganya, si wote walipona. Wachache wazee walibaki na maganda mabovu, na hao walienda kwa nyama kweli. Iliniuma.

Nilipoona trei zimetulia nikaenda kwa Mama Hodan. Alikuwa jikoni. Hakunisalimia hata, alichukua mawili akagonganisha sikioni. Akachukua mengine. Upande wa kando ukabaki mtupu.

Akaokota moja ampasulie mteja, akaligonga kwa ukingo wa kikaango.

Halikupasuka.

Akaliangalia. Akanigeukia, akaligonga tena kwa nguvu, ndipo likafunguka.

"Mama Mwende," akasema, "sasa unataka kunivunjia kikaango?"

Nilitoka pale na trei tupu zote, na kesho yake nilirudi na zilizojaa.

Kwa hivyo, wakuu, somo langu ni fupi. Kama maji wewe mwenyewe huwezi kuyanywa, usitegemee kuku akutengenezee ganda nayo.

Wa Isinya, wa Oltepesi, na nyinyi wa Loitokitok mnaoringa na maji matamu, kuku wenu wanakunywa nini? Semeni hapa chini. Na anayekuja kuniambia niongeze chokaa, aende bombani aonje kwanza.