Jina la Sikioni

Beseni hili la bati likilowa hutoa harufu ya kutu, na mara moja niko Likasi, katika kanisa dogo ambalo papa, baba yangu, alikuwa pasta wake maisha yote.

Ndani ya beseni hili alimbatiza mdogo wangu. Serikali ilikuwa imekataza majina ya Kizungu. Pasta aliyeyatamka alifungwa. Mtu wa chama tawala alikaa benchi la nyuma, mguu juu ya mguu, akisikiliza. Mama akataja jina la nkambo, mama yake papa. Papa akalirudia kwa ile sauti yake iliyofika hadi barabarani. Kisha akainama, maji yakimtiririka vidoleni, akamnong'oneza mtoto jina jingine sikioni.

Kabla mvua hazijakatika, homa ilimchukua mtoto. Msalabani tuliandika jina moja tu.

“Papa, ulimupa jina gani?” nilimuuliza tukitoka makaburini.

“Mungu alisikia, mama. Inatosha,” alinijibu.

Mimi jibu hilo halikunitosha. Nilimuuliza hadi nywele zake zikawa nyeupe, na jibu likabaki lile lile. Sasa amelala kando ya mtoto.

Leo nimemwogesha mjukuu wangu humu. Nimeinama hadi sikioni kwake, nikakosa jina la kumnong'oneza.