Suruali Yangu Katika Nyumba ya Fundi Cherehani

Nimefundisha historia Masasi miaka mingi, na ugonjwa wangu ni kueleza hata nisipoulizwa. Mwaka juzi, tukitoka kuwasalimu wakwe zangu Mkunya, mimi na mke wangu tulipita Newala kuona nyumba ya fundi cherehani wa enzi za Mwingereza. Fundi huyo aliwashonea makarani wa serikali kaptula za kaki, na majirani zake kanzu. Siku hizi nyumba yake ni makumbusho, na anayeitunza ni mjukuu wake, mama mtu mzima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni."

Nikajitambulisha kuwa ni mwalimu wa historia, kisha badala ya kumwacha aeleze, nikaanza mimi. Nikainua kikombe kidogo cha chuma kilichokuwa mezani, nikamwambia mke wangu kwamba wazee walikitumia kupimia ugoro.

Yule mama alikichukua taratibu, akakivaa kidoleni. "Hii ni kastabini, mwalimu. Sindano isimchome fundi."

Mke wangu akageuka kutazama dari.

Mtu mwenye akili angenyamaza hapo. Mimi nikachuchumaa kuonyesha jinsi kanyagio la cherehani linavyozungusha gurudumu. Suruali ikapasuka nyuma, kuanzia mkanda hadi nisipopenda kupataja.

"Ivue," mama akasema bila kucheka. "Cherehani ya babu bado inashona."

Nikajifunga khanga ya mke wangu, nikakaa kwenye kiti cha kupumzikia cha marehemu fundi huku mama akikanyaga cherehani. Ndipo wakaingia akina mama wa kanisani kutoka Lulindi, kama kumi hivi. Wakasimama wakinitazama. Mmoja akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, babu. Kumbe fundi mwenyewe bado yupo hai!"

Nikaitikia, "Marahaba."

Mke wangu alitoka nje mbio. Nilimsikia akicheka mpaka anakohoa.

Mama aliponirudishia suruali, mshono ulikuwa umenyooka kuliko wa kiwandani. Nikaona nijitetee: vitambaa vya siku hizi ni hafifu.

"Kitambaa ni kizima, mwalimu," akasema. "Wewe ndiye umeongezeka. Nimekuachia nafasi kidogo pembeni."

Nikamshukuru. Hatujamaliza hata kuteremka mlima wa Newala kurudi Masasi, mke wangu alikuwa ameshampigia dada yake simu, na dada yake ameniomba nimshonee sketi.