Luena Hajajibu

Karatasi ya malengo ilibandikwa ukutani, juu kidogo ya ubao, na kila Jumatatu mkuu wa idara alitusimamisha tuisome kwa sauti moja kama katekisimu. Mhitimu wa uhandisi wa kompyuta ataweza kuchambua tatizo. Ataweza kubuni mfumo wa kulitatua, na kuujaribu. Ataweza kutambua kosa katika kazi yake na kulisema wazi. Ataweza kuieleza kazi hiyo kwa mtu asiye wa fani. Nilisoma maneno hayo miaka mitatu na, nisidanganye, yalinichosha. Kompyuta zilikuwa nne kwa darasa zima, umeme ulikuja ulipojisikia, programu tuliziandika kwenye daftari na mwalimu akazisahihisha kwa biki nyekundu. Malengo gani hapo? Mimi nilitaka diploma yangu, basi.

Baba yangu alizeekea kwenye simu ya gare ya Kamina, kituo cha treni. Reli yetu ni ya njia moja, treni mbili zikiingia kutoka pande mbili zinakutana uso kwa uso. Kwa hiyo hakuruhusu treni itoke kabla hajapiga simu gare ya mbele, na yule wa kule ilibidi arudie maneno yote, neno kwa neno, halafu aseme: "Njia iko libre," yaani iko wazi. Asiporudia, treni haitoki, hata kama imembeba waziri. Tabia hiyo aliileta mpaka nyumbani. Ukitumwa dukani unasimama mlangoni kwanza: "Chumvi na sabuni, papa." Watoto wa jirani walitucheka mpaka basi.

Kazi yangu ya mwisho ilikuwa programu ya gare mbili kupeana njia. Nilichukua Kamina na Luena, zile ndogo za katikati nikaziruka. Bila kuitetea mbele ya jopo hakuna diploma, na mimi nilikuwa nimeshaahidiwa kazi Lubumbashi, ya kuanza mwezi wa nane. Niliwatangazia watu wote. Hata begi nilikuwa nimeazima.

Siku tatu kabla ya utetezi nilimwonyesha baba, mezani, kompyuta ikiwa Kamina na simu yangu ikiwa Luena. Alivaa miwani yake.

"Minyi niko Kamina," nilimwambia. "Nafinya hapa, habari inaenda Luena, njia inakuwa nyekundu, treni inatoka."

"Na Luena anajibu nini?"

"Habari imefika, papa. Kompyuta yenyewe inaandika imetumwa."

"Kutumwa, nimesikia. Nakuuliza weye, Luena anajibu nini?"

Nilicheka. Nikamwambia hayo ni mambo ya simu zao za kuzungusha mkono. Hakukasirika. Alichukua ile simu ya Luena, akaizima, akaiweka kifudifudi.

"Finya."

Nikafinya. Kwenye kioo ikaandikwa: treni imetoka.

"Luena analala," baba akasema. "Treni yako inaenda. Na ile ya Luena nayo inakuya. Bantu ngapi biko mule ndani, mama?"

Mawe, ole wangu! Mimi binti wa reli, niliyerudia chumvi na sabuni mlangoni utoto wangu wote, nimesahau kuisubiri Luena ijibu. Nilimkasirikia yeye kwanza, ndiyo tabia yangu, halafu nikajikasirikia mwenyewe. Siku mbili nilijaribu kurekebisha. Ukigusa hapa kunaharibika kule, na umeme ukakatika katikati ya kazi. Nakala zilikuwa zimeshawasilishwa. Mwenzangu wa darasani, tuliyegawana kiti kimoja mbele ya kompyuta miaka yote mitatu, akaniambia ninyamaze tu, jopo halijui reli. Alisema kweli, halikujua.

Siku ya utetezi programu ilienda vizuri ajabu. Wajumbe wanne wa jopo waliitikia kwa vichwa. Mwenyekiti akauliza swali lile la mwisho ambalo kila mtu anaulizwa: kazi yako ina upungufu gani? Na jibu tunalijua sote tangu mwaka wa kwanza: umeme hautoshi, vitabu havitoshi, asante. Nilifungua mdomo kusema umeme. Nikamwona baba kichwani mwangu na miwani yake, na ile treni ya Luena inakuja.

"Mheshimiwa, naomba uizime hii simu wewe mwenyewe," nikasema. "Sasa finya."

Treni ikatoka. Nikawaambia: programu yangu inaua watu, na nikaeleza kwa nini, kama baba alivyonieleza. Walitoka kushauriana. Nisifiche, nilishajipa moyo kwamba ukweli utaniokoa, kwamba watarudi na kunipigia makofi. Walirudi wakanisifu kwa sentensi moja. Ya pili ikasema kazi imekataliwa, niifanye upya, nirudi Septemba. Kwa hiyo Lubumbashi ilikuwa imekwenda. Mtu mwingine aliichukua nafasi ile kabla ya mwezi kwisha.

Nje familia zilikuwa zinasubiri na makopo ya poda, kama desturi, kuwamwagia waliofaulu vichwani. Wenzangu walikuwa weupe mpaka kwenye kope, wanaimba. Baba alisimama pembeni na koti lake la kazi, kopo mkononi, kifuniko ameshakifungua. Nilitamani ardhi inimeze.

"Papa," nikasema, "bameikatala. Nirudilie, nikuye Septemba."

Alikifunga kifuniko taratibu, akalitia kopo mfukoni. Akasimama wima, kama alivyosimama kwenye simu ile miaka yote.

"Bameikatala. Urudilie, ukuye Septemba," akasema. Akanitazama. "Njia iko libre."