Chupa ya Kokubanza

Daktari Philbert Mutembei alikuwa mwana wa Mwijage, aliyepanda buni Kanazi na kutusomesha sote, wasichana tukiwemo. Na Mwijage alikuwa mwana wa Rwegoshora, aliyebeba mawe ya kanisa kichwani mpaka nywele zikakataa kuota. Philbert ndiye wa kwanza katika ukoo wetu kumpasua mtu na mtu akaamka. Mimi ni Klaudia, dada yake. Niliishia darasa la nne, lakini la nne la wakati ule.

Baada ya Uhuru alirudi Bukoba, na kwa miaka mingi mpasuaji alikuwa yeye peke yake. Jioni alipita kwangu Kitendaguro, akakaa bila hata kuvua viatu, chai ikapoa mbele yake. Kilichomchosha zaidi ni ugonjwa mmoja: tumbo linavimba kama la mjamzito, ukilipasua unakuta ute mzito kama mlenda. Wenzake walisema unaanzia kwenye kizazi. Yeye alishuku kidole tumbo, kale kautumbo kanakoning'inia upande wa kulia. Lakini angejuaje? Kipande kilipaswa kwenda Dar es Salaam kwenye hadubini, na kwetu mtu huzikwa kwenye kibanja chake, katikati ya migomba, tena akiwa kamili. Kila alichokata, ndugu walikuja na jani la mgomba kukichukua.

Mwaka 1968 alimpasua Kokubanza, jirani yangu. Kidole tumbo kilikuwa kimevimba na kupasuka. Mumewe, mzee Karugendo, akaja na jani lake.

"Kilete, daktari."

"Tata, nakuomba nikipeleke Dar es Salaam kikaangaliwe."

"Dar es Salaam! Mimi mwenyewe sijafika, utumbo wa mke wangu unitangulie?"

Kokubanza akacheka kitandani huku ameshika mshono. "Kiache kiende, waitu, kitusalimie wakubwa." Kisha akamgeukia kaka yangu. "Ila kirudi. Siku yangu ikifika, nizikwe nacho."

"Kitarudi, mae."

Majibu yakaja: kansa, na imeanzia kwenye kidole tumbo. Kipande kilichobaki kikarudi kwenye chupa ya dawa, Philbert akakifungia kabatini. Kokubanza akapona, akashika jembe. Wengine walipoisikia ahadi ile wakaanza kumwachia vipande vyao kwa ahadi hiyo hiyo.

Mwaka 1974 akina Karugendo walihamishiwa Ngenge, kijiji cha ujamaa. Mwaka uliofuata tukapata habari: Kokubanza amefariki, wanazika kesho. Philbert alikuwa amesimama kwenye meza ya upasuaji tangu asubuhi, na gari la hospitali halikuwa na petroli.

"Tuma mtu," nikamwambia.

"Nikituma mtu, dada, hakuna atakayeniachia tena hata ukucha."

Tulipanda basi mpaka Muleba, kisha lori la mahindi, kisha miguu. Chupa ilikuwa kwenye kikapu changu, chini ya kanga.

Migomba ya Ngenge ilikuwa haijafika kiunoni. Shimo lilikuwa bado wazi, na Kokubanza ameshalazwa ndani.

"Mashemeji walitaka tufukie," alisema Karugendo. "Nikawaambia, mwenyewe alisema tumsubiri daktari." Akaiinua chupa juani. "Ndicho hiki? Kidogo hivi, kututesa vile?" Akashuka mwenyewe, akaiweka ubavuni mwa mkewe. "Ardhi yetu tumeiacha Kitendaguro. Angalau yeye asiachwe nusu."

Tulipomaliza kufukia, Philbert akamsogelea.

"Tata, tumbo lilikuwaje mwishoni?"

"Kumbe umekuja kuuliza, hukuja kuzika."

"Yote mawili, tata."

Mzee akakung'uta udongo mikononi. Kisha akasema: tangu msimu wa buni lilianza kujaa polepole, bila maumivu, mpaka chakula kikakosa nafasi. Wanawake nao wakaongezea yao. Philbert alisikiliza amefumba macho. Watu aliowapasua walikwenda kufia makwao, na hakuna aliyewahi kumletea habari za mwisho wao. Kumbe ugonjwa ule hunyamaza miaka, halafu unarudi.

Wakati wa kurudi tulikaa juu ya magunia. Philbert akanigeukia.

"Klaudia, chupa zilizobaki zina wenyewe, na mimi siwezi kuacha wagonjwa kila mmoja wao akifa. Tena wanawake msibani watakwambia wewe wasiyoniambia mimi."

Akatoa ufunguo wa kabati, akanitilia kiganjani.

"Kila chupa irudishe kwa mwenyewe. Kisha uulize tumbo lilikuwaje. Lakini usiulize kabla hawajafukia."